Tarehe ya Poti ya Mfululizo katika Kiini cha Linux

Asili ya habari hii ni mashine za teletaipu. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo endeshi wa Unix katika Bell Labs huko Marekani, mtu alisemezana na kompyuta kwa teletaipu. Alipiga herufi, herufi ikapita kwenye waya biti moja baada ya nyingine, yaani kwa mfululizo, na jibu likachapwa karatasini. Hapo ndipo lilipotoka jina la tty, sehemu ya mfumo inayoshughulikia mazungumzo ya namna hiyo, na jina hilo lipo hadi leo ingawa mashine zenyewe zimeshastaafu.

Mwaka 1981 IBM ikatoa PC. Poti yake ya mfululizo ilitumia chipu ya 8250, ambayo ghala yake ya kupokelea ilikuwa ya baiti moja tu. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na kila herufi ikisafiri na biti 10, herufi 11,520 huwasili kila sekunde. Prosesa ikizubaa kwa mikrosekunde 87 hivi, herufi mpya inaikanyaga iliyotangulia, nayo imepotea. Baadaye chipu ya 16550A ikaleta foleni ya baiti 16, na mafundi wakapata nafasi ya kupumua.

Mwaka 1991, mjini Helsinki, Linus Torvalds aliandika programu ya kumuunganisha na kompyuta ya chuo kikuu chake kwa modemu. Ilikuwa na kazi mbili: moja ilisoma kibodi na kupeleka kwenye modemu, nyingine ilisoma modemu na kuandika kwenye skrini. Programu hiyo ikakua hadi ikawa kiini cha Linux. Toleo 0.01 lilipotoka Septemba mwaka huo, kiendeshi cha poti ya mfululizo, yaani msimbo unaoiongoza poti hiyo, kilikuwamo tayari. Katika nyumba hii, mlango ulitangulia kuta.

Wa pili kuushika ufundi huu ni Theodore Ts'o. Kati ya Agosti na Septemba 1992 alikiandika upya kiendeshi kile kwa mapana, kisha akakilea miaka mingi. Ilikuwa enzi ya modemu, na kadi zenye poti nyingi zilitakiwa kufanya kazi kwenye mashine moja. Kazi yake ilidumu kiasi kwamba kila mwenye chipu mpya alinakili faili lake, serial.c, akabadilisha sehemu zinazohusu chipu yake, basi.

Madhara yakaonekana. Kosa moja sasa lilikuwa limenakiliwa katika mafaili mengi, na kulirekebisha mahali pamoja hakukuyaponya mengine. Aliyelibeba jambo hilo ni Russell King wa Uingereza, mlezi wa Linux kwenye prosesa za ARM, ambako kila kampuni ilikuja na poti ya namna yake. Mwaka 2002 kazi yake iliingia katika matoleo ya 2.5 ya Linux. Yote yanayofanana, kama kufungua poti, kuifunga na kuhesabu herufi, aliyakusanya katika faili moja, serial_core. Kiendeshi cha kila chipu kikabakiwa na majukumu machache: anza kutuma, acha kutuma, weka kasi. Kwa maoni yangu, haya ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote katika tarehe hii.

Baada yake akaja Alan Cox. Mwaka 2006 aliondoa ghala za ukubwa usiobadilika zilizopokea herufi, akaweka zinazotanuka kadiri ya haja. Kisha akaingia kwenye kazi ngumu ya makufuli, kwa kuwa msimbo wa tty uliandikwa zama za prosesa moja, na sasa prosesa nyingi ziligombea data ileile. Mwaka 2009 yeye na Torvalds walihitilafiana kuhusu marekebisho yaliyovuruga programu za watumiaji, Cox akajiuzulu ulezi wa tty. Greg Kroah-Hartman akaupokea. Arnd Bergmann akaitoa tty chini ya kufuli kuu la kiini, ambalo liliondolewa kabisa mwaka 2011, na Peter Hurley akaendelea kuyapanga makufuli yaliyobaki. Mwaka 2017 ikaingia serdev, sehemu ya kiini iliyoandikwa na Rob Herring, ili kifaa kilichounganishwa kwa poti hiyo ndani ya bodi, kama chipu ya Bluetooth, kihudumiwe na kiini chenyewe.

Huo ndio ukoo wa mafundi hawa. Walivunja vyumba na kuvijenga tena, lakini sharti lao lilikuwa moja: anayeingia mlangoni asione tofauti. Kompyuta nyingi za mkononi leo hazina poti hii, ila seva, ruta na bodi ndogo bado zinayo. Kiini kikianguka kabla skrini haijawaka, maneno yake ya mwisho hutokea hapo, herufi moja baada ya nyingine, kama enzi za teletaipu.