Jina la Nahodha Nemo

Katika riwaya ya kisayansi ya Jules Verne iliyotoka kwa mfululizo baina ya 1869 na 1870, nahodha wa Nautilus, chombo kiendacho chini ya bahari, hujiita Nemo. Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni "hakuna mtu". Wasomaji wa Homer hukumbuka mara moja hila ya Odysseus, aliyemdanganya zimwi Polyphemus kwa jina la maana hiyo hiyo. Lakini Odysseus alipokwisha okoka alilitangaza jina lake kwa majivuno. Nemo amelizika la kwake.

Sababu yake riwaya haiisemi. Verne alikusudia Nemo awe Mpolandi, ambaye jamaa zake waliangamizwa na Warusi katika maasi yaliyoanza 1863. Mchapishaji wake, Hetzel, alikataa, maana vitabu vya Verne vilinunuliwa Urusi pia. Verne alibishana naye kwa barua, kisha akaridhia taifa la nahodha lisitajwe. Basi lakabu ile, iliyodhaniwa kuwa fumbo tupu la kifalsafa, ilisitiri pia hofu ya biashara.

Pengo hilo lilizibwa katika L'Île mystérieuse (1874–1875). Nemo sasa ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Bundelkhand, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya Wahindi ya 1857. Miaka ya riwaya hizo mbili haipatani, na wahakiki wamelisema mno kosa hilo dogo. Kubwa zaidi ni kuwa dhuluma ya Mwingereza iliruhusiwa kuandikwa, ya Mrusi haikuruhusiwa. Na hata huyo Dakkar, neno alilopewa na Verne la kufia nalo lilikuwa uhuru. Hetzel akalibadilisha, afe akimtaja Mungu na nchi.