Leza yaandika ndani ya almasi: Elimu mpya ya mwanga na mawe ya Mwadui

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

ALMASI inapotoka katika udongo wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, kila mlinzi na kila karani wa mgodi anajua imetoka wapi. Ikishafika ng'ambo, ikakatwa na kung'arishwa, ni vigumu mno hata kwa mtaalamu mwenye vyombo vya kisasa kuitofautisha na almasi ya Botswana au ya Urusi kwa kulichunguza jiwe lenyewe.

Safari hiyo kati ya shimo na mnada ina fedha nyingi. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya mgodi huo, iliuza jiwe ghafi la rangi ya waridi lenye karati 32.32 kwa dola za Marekani milioni 13.8, ikijibakizia asilimia 10 ya faida itakayopatikana baada ya kukatwa. Jiwe hilo likazaa almasi ya karati 11.15 iliyopewa jina la Williamson Pink Star, ambayo Oktoba 2022 ilinadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Januari 2025 Petra ilitangaza kuuza hisa zake zote katika mgodi wenyewe kwa bei isiyozidi dola milioni 16. Punje moja, basi, iliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya hisa hizo.

Wasomaji watakumbuka pia Septemba 2017, Serikali ilipozuia katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mzigo wa karati 71,654.45 ikidai kwamba thamani yake halisi ilikuwa dola milioni 29.5 na si milioni 14.8 zilizoandikwa. Kampuni ilikanusha, ikieleza kwamba tathmini ilikuwa imefanywa na wathamini wa Serikali. Mabishano ya namna hiyo yote yanarudi kwenye swali moja: jiwe hili ni lipi, na linasema nini lenyewe?

Katika miaka ya karibuni jibu limeanza kutafutwa katika tawi la fizikia linaloshughulika na leza za mipigo mifupi, na hasa katika uwezo wake wa kuandika ndani ya almasi bila kuukwaruza uso wake.

Leza ya kwanza iliwashwa Mei 16, 1960, huko Malibu, Marekani, na Theodore Maiman. Kiini chake kilikuwa kito, kijiti cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa maabara. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupitisha mwanga mwekundu wa leza ya namna hiyo katika kipande cha fuwele, wakaona kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga ilitoka ikiwa si nyekundu tena, bali miali isiyoonekana kwa macho, yenye nusu ya urefu wa wimbi wa ule ulioingia. Ushahidi ulikuwa nukta hafifu kwenye picha. Jarida lilipochapishwa, nukta haikuwapo: inasimuliwa kwamba mhariri alidhani ni uchafu, akaifuta. Wahariri, kwa desturi, hufuta mambo kwa nia njema.

Nukta ile ilifungua elimu inayoitwa optiki isiyo ya mstari. Maana yake si ngumu. Mwanga wa taa unapopita kwenye kioo, ukiongeza taa maradufu, mwanga unaotoka nao huongezeka maradufu, na kioo hubaki kile kile. Mwanga wa leza kali sana haufuati hesabu hiyo. Unakilazimisha kile kinachopitiwa kibadili tabia, nacho huubadili mwanga.

Ukali huo ulikuwa na kikwazo chake: ukiukuza mno, mwanga huunguza chombo kinachoukuza. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Gérard Mourou na mwanafunzi wake Donna Strickland walitafuta njia ya kuzunguka. Waliuvuta mpigo wa mwanga uwe mrefu na dhaifu, wakaukuza polepole, kisha wakaubana tena uwe mfupi. Kazi hiyo iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2018, na leo ndiyo iliyo nyuma ya upasuaji mwingi wa macho kwa leza na ukataji wa vioo vya simu za mkononi.

Mipigo hiyo hupimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde moja kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa miaka takriban milioni 32. Katika muda huo mwanga, unaokimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, husafiri umbali usiofikia hata sehemu ya mia ya unene wa unywele. Watafiti wameshuka chini zaidi, hadi atosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya femtosekunde. Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipewa Nobeli ya mwaka 2023 kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye almasi. Viwanda vimetumia leza kutoboa almasi tangu 1965, na wakataji wa Antwerp na Surat huzitumia kila siku kupasua mawe. Leza hizo za kawaida hukata kwa joto, kutoka nje kwenda ndani. Mpigo wa femtosekunde hufanya jambo jingine kabisa. Almasi safi haiwezi kumeza fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyo moja peke yake ya mwanga huo, kwa sababu nishati yake ni ndogo mno. Ndiyo maana mwanga hupenya bila kuacha alama. Lakini pale miali inapokutana, ndani kabisa ya jiwe, fotoni huwa nyingi kiasi kwamba kadhaa humezwa kwa pamoja. Hapo tu, na si kwingine, kaboni ya almasi hugeuka kuwa kaboni nyeusi kama ile ya ndani ya penseli. Uso wa jiwe haujaguswa. Alama iliyochorwa juu inaweza kusuguliwa ikatoweka. Hii iko chini, na kuiondoa ni kulipunguza jiwe lenyewe.

Kwa maneno ni rahisi, kwa vitendo sivyo. Almasi hupinda mwanga kwa nguvu kuliko karibu vito vyote, hivyo miali inayoingia hutawanyika, na nukta inayokusudiwa huwa mkwaruzo mrefu. Hapa ndipo kinapoingia kile wanasayansi wanachokiita mwanga uliopangwa umbo. Kabla ya kuingia kwenye jiwe, mwanga hupitishwa kwenye kioo maalumu kinachoendeshwa na kompyuta, ambacho huukunja kinyume cha jinsi almasi itakavyoukunja. Makosa mawili hufutana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioibuni kazi hii walianzisha kampuni ya Opsydia mwaka 2017, nayo hutengeneza mashine za kuweka namba ndani ya almasi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu.

Msomaji asidhani kwamba ufundi huu wa kuuchonga mwanga ni wa Ulaya peke yake. Mwaka 2013 huko Pretoria, Afrika Kusini, Sandile Ngcobo, Andrew Forbes na wenzao walitangaza leza ambayo umbo la mwanga wake hubadilishwa kwa kubadili picha tu kwenye kompyuta.

Leza husaidia pia kusoma kilichomo. Ukilimulika jiwe kwa leza na kupima mwanga unaorudi, almasi hutoa mstari wake usiokosea, na kito bandia cha kioo hujulikana mara moja. Tatizo ni almasi za maabara, kwa kuwa nazo ni almasi kweli. Nyingi zinazokuzwa kwa gesi hubakiwa na chembe za silikoni zinazong'aa katika urefu wa wimbi wa nanomita 737, jambo ambalo ni adimu katika mawe ya asili. Kwa Shinyanga hili si suala la maabara tu, kwa maana mawe hayo ya bei nafuu yameiumiza bei ya almasi ndogo za asili, zile zinazowalisha wachimbaji wadogo wa Maganzo.

Kwa upande wa Geita, matumaini yanapaswa kupimwa. Ipo njia ya kupiga mwamba kwa mpigo wa leza, punje ndogo ikageuka mvuke unaong'aa, na rangi za mng'ao zikaonyesha madini yaliyomo. Gari la Curiosity limefanya hivyo katika sayari ya Mars tangu 2012. Lakini dhahabu haikutawanyika sawasawa katika mwamba. Nukta moja inaweza kuikosa kabisa, au kuiangukia punje na kudanganya kwa upande wa pili. Kwa sasa mchimbaji mwenye mfuko wa mawe hatatajirishwa na leza.

Hata almasi nayo, uandishi wa ndani kwa kawaida hufanywa baada ya jiwe kukatwa, yaani baada ya kuondoka nchini. Mahitaji ya kujua asili yameongezeka tangu mataifa ya G7 yalipopiga marufuku almasi za Urusi kuanzia Januari 2024. Hata hivyo jiwe ghafi la Mwadui husafiri na cheti cha Mfumo wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003. Cheti hicho huhusu mzigo mzima uliofungwa kwa lakiri, si jiwe mojamoja, na kazi yake huishia pale mkataji anapoanza kulikata.