Gari haliwaki asubuhi? Jinsi ya kutafuta kinachonyonya betri ya gari la 4x4

Jana jioni gari limefanya kazi vizuri. Leo asubuhi unazungusha ufunguo, stata inalia tik-tik-tik tu na taa za dashibodi zinafifia. Watu wanaitwa kusukuma, gari linawaka, na kesho yake mambo ni yale yale. Wengi huishia kununua betri mpya, na baada ya wiki chache nayo inakufa.

Katika makazi kama Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, gari moja la 4x4 huhudumia watu wengi. Mama mwenye uchungu wa kujifungua akipewa rufaa usiku kutoka Juru au Rubondo kwenda Mbarara, hawezi kungoja watu wa kusukuma gari. Tena gari la gia otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Makala hii ni kwa madereva, wenye magari na vijana wanaojifunza ufundi, wakimbizi na wenyeji. Jambo la kukumbuka ni moja: pima kwanza, nunua baadaye.

Unahitaji nini?

- Mita ya umeme yenye sehemu ya kupima volti na ampea (tundu la 10A)
- Spana ya kufungulia vichwa vya betri, mara nyingi namba 10
- Kipande cha waya, utepe wa umeme, kalamu na karatasi

Usalama kwanza

- Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo.
- Vua pete na saa ya chuma.
- Unapofungua betri, anza na hasi (-). Unapofunga, malizia na hasi.
- Maji ya betri ni asidi. Yakikugusa, osha kwa maji mengi. Yakiingia jichoni, osha bila kuacha kwa angalau dakika 15 kisha nenda kituo cha afya.
- Magari mengine ya dizeli yana betri mbili. Kuna yaliyounganishwa kwa volti 12 na kuna ya volti 24. Pima kabla ya kuanza. Vipimo vilivyo hapa chini ni vya volti 12.

Hatua ya 1: Ni betri, ni chaji, au kuna kitu kinanyonya?

Matatizo haya matatu yanafanana, lakini dawa zake ni tofauti.

*Betri ina hali gani?* Zima injini na ungoje saa moja au mbili, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu kuliko ilivyo kweli. Kisha pima kati ya chanya na hasi:

- Volti 12.6 au zaidi: imejaa
- Volti 12.4: karibu robo tatu
- Volti 12.2: karibu nusu
- Volti 12.0: karibu robo
- Chini ya 11.8: imekwisha

*Je, altaneta inachaji?* Washa injini, pima tena pale pale. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, inachaji. Ukipata 12 na kitu, na zinaendelea kushuka, tatizo liko kwenye mkanda, altaneta au waya zake.

*Jaribio la usiku mmoja.* Chaji betri hadi ijae. Baada ya kungoja kama tulivyosema, pima na uandike namba. Fungua waya wa hasi, uache gari hadi asubuhi, kisha pima tena kabla ya kuufunga. Kama volti zimeshuka sana hata betri ikiwa imefunguliwa, betri yenyewe imeharibika ndani. Kama hazikushuka, lakini gari likilala na waya umefungwa betri inakufa, kuna kitu ndani ya gari kinanyonya umeme usiku. Betri mpya haitakusaidia.

Hatua ya 2: Pima umeme unaotoka gari likiwa limezimwa

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Kama kuna taa chini ya boneti, toa globu yake. Kama kisanduku cha fyuzi kinakulazimu kuacha mlango wazi, bana swichi ya taa ya mlango kwa utepe.
2. Weka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A na uweke mita kwenye ampea za DC.
3. Fungua waya wa hasi wa betri. Gusisha waya mwekundu wa mita kwenye ule waya wa gari uliofungua, na mweusi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Sasa umeme wote unapita ndani ya mita.
4. Ngoja. Gari la zamani lisilo na kompyuta hutulia mara moja. Gari lenye vifaa vya kompyuta linaweza kuchukua dakika 20 hadi 40 kabla ya "kulala".
5. Soma namba.

Wakati mita imeunganishwa hivi usiwashe gari, na usizungushe ufunguo hata kidogo. Hita za injini ya dizeli peke yake huvuta umeme mwingi kuliko mita inavyoweza kubeba. Pia usiweke mita iliyo kwenye ampea kati ya chanya na hasi ya betri. Hiyo ni shoti.

Gari lenye afya huvuta kati ya ampea 0.02 na 0.05. Hiyo ni ya saa, kumbukumbu za redio na kompyuta. Ikizidi hapo, tafuta.

Chukua mfano: mita inaonyesha ampea 0.42. Inaonekana ndogo, lakini gari likiegeshwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni karibu saa 60. Zidisha 0.42 kwa 60, unapata karibu 25. Betri ya ampea-saa 70 imepoteza zaidi ya theluthi moja bila gari kusogea. Kama haikuwa imejaa tangu mwanzo, Jumatatu haiwashi.

Hatua ya 3: Tafuta njia inayopitisha umeme

Piga picha kisanduku cha fyuzi ili usisahau mahali pa kila moja. Toa fyuzi moja, angalia mita, irudishe, kisha toa inayofuata. Siku namba itakaposhuka kutoka 0.42 hadi 0.04, umeipata njia yenyewe. Soma kwenye kifuniko fyuzi hiyo inalisha nini, kisha chomoa vifaa hivyo kimoja kimoja hadi umpate mwizi.

Kwenye magari mapya, kutoa na kurudisha fyuzi kunaweza kuziamsha kompyuta. Kwa hayo kuna njia nyingine: acha fyuzi mahali pake, weka mita kwenye milivolti za DC, na uguse vile vidoa viwili vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Sifuri maana yake hakuna umeme unaopita. Namba yoyote isiyo sifuri inaonyesha umeme unapita hapo.

Kama umetoa fyuzi zote na namba haikushuka, fuata waya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri.

Wezi wa kawaida

- *Vifaa vilivyoongezwa baadaye:* redio ya mawasiliano, kifaa cha kufuatilia gari, king'ora, taa za tahadhari, muziki, inveta ya kuchajia simu. Mara nyingi vimeunganishwa moja kwa moja na betri, kwa hiyo kutoa ufunguo hakuvizimi. Anza na hivi.
- *Taa zisizozimika:* ya kabini, ya sanduku la dashibodi, ya mlango wa nyuma. Vumbi na matope hukwamisha swichi zake.
- *Relei iliyoganda:* iguse kwa mkono asubuhi. Ikiwa ya moto wakati gari limelala usiku kucha, inafanya kazi isiyotakiwa.
- *Altaneta yenye dayodi mbovu:* inaweza kuchaji mchana na kunyonya usiku. Kama ina joto asubuhi injini ikiwa baridi, ishuku. Fungua kwanza hasi ya betri, kisha fungua waya mnene wa altaneta, uzungushie utepe, upime upya. Namba ikishuka, umempata.
- *Soketi ya trela na waya zilizochubuka:* kutu na maji ya matope hupitisha umeme kidogo kidogo.
- *Uchafu juu ya betri:* vumbi lililochanganyika na asidi hupitisha umeme kati ya chanya na hasi. Osha kwa maji na magadi ya kuokea, bila kuruhusu yaingie kwenye vifuniko.

Kama huna mita

Chukua globu ndogo ya gari ya wati 5 yenye waya mbili. Fungua hasi ya betri, uunganishe globu kati ya waya wa gari na kichwa cha hasi. Ikiwaka kwa nguvu, umeme mwingi unatoka. Isipowaka au ikiwa na wekundu hafifu tu, unaotoka ni mdogo. Toa fyuzi moja moja hadi izimike. Njia hii inafaa zaidi kwa magari ya zamani, na haikupi namba, lakini imewasaidia mafundi wengi.

Ukishampata mwizi

- Tengeneza au badilisha kilichoharibika. Kifaa kilichoongezwa kipitishe kwenye fyuzi yake na swichi inayozimika ufunguo ukitoka.
- Usiweke waya mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue, na gari lisilo na fyuzi linaweza kushika moto.
- Gari likiwa la shirika au ofisi, usikate waya wa redio wala wa kifaa cha kufuatilia bila ruhusa ya mhusika. Mwonyeshe namba ulizopata.
- Pima tena ampea baada ya kazi. Kazi imekwisha namba ikiwa chini ya 0.05.
- Wakati unasubiri kipuri, fungua waya wa hasi kila jioni, na umwonyeshe dereva wa zamu jinsi ya kuufunga gizani.
- Betri iliyokufa kabisa ipeleke kwa wanaonunua betri chakavu. Usiivunje nyumbani wala kumwaga asidi shambani au karibu na ziwa. Risasi iliyo ndani yake ni sumu, hasa kwa watoto.

Ukienda kwa fundi, nenda na karatasi yako: volti za jioni, volti za asubuhi, ampea ulizopata na fyuzi uliyoishuku. Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Anayekuambia ununue betri mpya bila kupima chochote, mwombe kwanza apime mbele yako.