Miaka ya Mwelekeo

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, hapa Uvira, mtoto wa miaka 14 au 15 husimama mbele ya meza ya mkuu wa shule na kuulizwa ataingia tawi gani: ualimu, biashara na utawala, sayansi, ushonaji au jingine. Mara nyingi anayejibu ni mjomba aliyemsindikiza. Mara nyingi zaidi jibu limekwisha kutolewa na shule yenyewe, kwa kuwa ina matawi mawili tu, na moja limejaa. Swali hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, nasi tungependa kuisimulia.

Wamisionari wa Afrika walifika upande wetu wa ziwa mwaka 1880, wakafungua misheni ya Mulweba, kisha ile ya Kibanga mwaka 1883. Huko watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Katika miaka hiyohiyo Kardinali Lavigerie aliwapeleka Malta vijana Waafrika, nao pia waliokombolewa, wasomee uganga. Mmoja wao, Adrien Atiman, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, akawa katekista na mganga huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Sisi makatekista hatuchoki kumtaja. Hata hivyo tuangalie utaratibu wenyewe: misheni ilihitaji waganga, ndipo vijana wakatafutwa. Kwa Atiman mpango ulizaa matunda mengi. Lakini desturi ya kutanguliza haja ya mkubwa na kumtazama mtoto baadaye haikuondoka.

Ubelgiji iliiandika desturi hiyo katika sheria zake. Kwa mpango wa masomo wa mwaka 1948, wanafunzi waligawanywa wangali katika shule ya msingi, baada ya miaka miwili tu: wengi wakaingia darasa la kawaida, ambalo liliwaandaa kubaki kijijini, na wachache wakaingia darasa la wateule. Kwa hao wateule kulikuwa na shule za makarani, za walimu na za mafundi. Wachache zaidi walifikia sekondari kamili. Wasichana walielekezwa hasa kwenye kazi za nyumbani. Kusema haki, mpango huo ulikubali jambo moja la kweli, kwamba watoto hawafanani. Kosa lake ni kwamba uliamua mapema mno, na mlango uliofungwa haukufunguliwa tena. Kwa muda mrefu njia pekee ya masomo marefu ilikuwa seminari, ile aliyoipita Stefano Kaoze, mwana wa ziwa hili upande wa kusini, aliyepewa upadre mwaka 1917. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, ilhali mapadre wazalendo walikuwa mamia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mageuzi yakaleta miaka miwili ya mwelekeo. Wote wangeingia sekondari pamoja, wakasoma masomo yaleyale, huku walimu wakimchunguza kila mmoja. Kisha yangefuata miaka minne katika tawi linalomfaa. Ni wazo zuri kuliko yote tuliyowahi kupewa. Lakini walimu walikuwa haba hata wakaletwa wengine kutoka Haiti na nchi nyingine, na kwetu uasi wa mwaka 1964 ulivuruga kila kitu, Uvira mpaka Baraka na Fizi. Mwaka 1967 ukaja Mtihani wa Taifa, na tangu hapo kila tawi limepimwa kwa karatasi moja inayoitwa diploma. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule, na mwaka 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi wake. Mambo hayo yalibadilisha wakubwa wa shule. Darasani mtoto hakuona tofauti kubwa.

Tofauti aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ilipokuwa si kitu tena na wazazi wakaanza kuwalipa walimu. Hapo idadi ya wanafunzi ikawa ndiyo chakula cha mwalimu, na hakuna mkuu wa shule aliyeweza kumwambia mzazi, "Mwanao hafai hapa, mpeleke kule." Tawi la ualimu likastawi kwa sababu linahitaji ubao na chaki, umakanika unahitaji mashine, sayansi inahitaji maabara. Na mji wetu unaishi kwa nini? Kwa mitumbwi na injini za Kalundu, kwa samaki, kwa mpunga wa bonde la Ruzizi. Kwa muda ulioishi kwa sukari ya Kiliba pia, mpaka vita vya 1996.

Sisi wenyewe tulisomea ualimu kwa kuwa shule yetu haikuwa na tawi jingine, na kwa neema tu tuliupenda. Mwenzetu wa dawati moja aliweza kufungua redio na kuirudisha bila kubakiza msumari, lakini mbele ya watoto wa darasa la pili alitetemeka. Alipata diploma. Leo anatengeneza injini za mitumbwi, kazi aliyoianza upya akiwa na miaka 25, akimbebea fundi spana.

Sheria ya mwaka 2014 imeiweka miaka hiyo miwili ndani ya elimu ya msingi, darasa la 7 na la 8, na mwishoni upo mtihani wa kuwachagua na kuwaelekeza wanafunzi. Mtihani wa siku moja hauwezi kuona yaliyoonekana kwa miaka miwili. Basi tumeanza kuandika daftari: kwa kila mwanafunzi mstari mmoja kila mwezi, anachokifanya vizuri bila kuamriwa. Wanafunzi ni wengi na mistari mingine hubaki mitupu.

Mwaka jana tulilibeba daftari hilo mpaka nyumbani kwa mama mmoja muuza ndagala wa Kavimvira, aliyetaka bintiye aingie ushonaji, kwa kuwa shule yake iko karibu. Mistari ya binti ilisema hesabu, mwezi baada ya mwezi. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ya pikipiki mpaka kwenye shule yenye sayansi ni kiasi gani kwa mwezi. Tukaanza kuhesabu wote watatu. Binti ndiye aliyemaliza kwanza, na jumla ilikuwa kubwa.