Hadithi za Kezilahabi Zilizobaki Magazetini

Jumapili ya tarehe 15 Januari 1978, gazeti la Mzalendo lilichapa hadithi fupi ya Euphrase Kezilahabi, "Mayai Waziri wa Maradhi". Jina lenyewe lilitosha kumsimamisha msomaji: nchi ina Waziri wa Afya, mwandishi akamleta Waziri wa Maradhi. Jumatatu ilipofika, gazeti likawa la jana.

Wengi humjua Kezilahabi kwa riwaya zake: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hadithi fupi zilishika njia nyingine. "Cha Mnyonge Utakitapika Hadharani" ilitoka mwaka 1985 katika Mulika, jarida la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hadithi ya Mzalendo ilisomwa na mnunuzi wa gazeti la Jumapili. Ya Mulika ilisomwa na walimu na wanafunzi wa lugha. Mwaka 2004 ndipo jina la "Mayai Waziri wa Maradhi" lilipowekwa kwenye jalada la mkusanyiko wa hadithi uliochapwa Nairobi. Ilikuwa imepita miaka 26.

Desturi ya kutanguliza maandishi magazetini ni kongwe. Mambo Leo, jarida la serikali lililoanza Januari 1923, liliwafungulia wasomaji kurasa zake, na humo mwandishi Shaaban Robert alisomwa kabla vitabu vyake havijaenea. Maandishi hayo yalifika hata mbali na yalikochapwa. Kwa Morogoro, njia ya karatasi ilikuwa reli iliyofika mjini mwaka 1907 kutoka Dar es Salaam. Kutoka stesheni, barua na magazeti yalipanda milima ya Uluguru hadi shule na misheni za Matombo na Mgeta.

Yakishasomwa, magazeti yalipewa kazi ya pili. Yalibandikwa kwenye kuta za udongo, yakafungia karanga sokoni, yakafunika madaftari ya shule. Mengine yalibaki masandukuni, yakipigana na mchwa na unyevu wa mlimani. Karatasi ya gazeti ni dhaifu: hubadilika rangi ikawa ya manjano, kisha hukatika kwenye mikunjo.

Anayetafuta hadithi hizi aanze na tarehe, kwa sababu gazeti huhifadhiwa kwa siku, si kwa mwandishi. Akiwa na tarehe, aende kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asipozipata huko, arudi majumbani. Uluguruni asiishie kwa watoto wa mwalimu marehemu aliyetunza magazeti. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mali ya mtu huweza kwenda kwa watoto wa dada yake. Awaulize wapwa.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Riwaya zake zina walinzi wengi, shuleni na vyuoni. Hadithi ya gazetini humtegemea yule aliyeitunza nakala. Kwa hiyo wewe uliye Kinole, Nyandira au Morogoro mjini, kabla hujachoma karatasi za babu au mjomba, zifunue. Ukikuta hadithi, andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, kisha ipeleke Maktaba ya Mkoa. Huenda nakala iliyo mkononi mwako ndiyo pekee iliyosalia.