Rufaa ya Mnyonge: Kumbukumbu ya Muleba

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni wepesi usemi huu kutamkwa. Uzito wake huonekana pale mnyonge anaposhindwa mahakamani, akaambiwa kwamba anayo haki ya kukata rufaa. Ataikataje asiyeijua sheria wala hana fedha ya wakili? Twamwomba msomaji aandamane nasi hadi Muleba, katika nchi ya Wahaya, tulitazame jambo hili.

Huko kibanja cha migomba si mali tu. Ni makaburi ya wazee na heshima ya ukoo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, lakini kwa kawaida zilimkataza kuiuza. Agosti 1988, mama mmoja aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia halali aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Alikuwa amezeeka, wala hakuwa na wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, na Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ikabatilisha mauzo.

Lau mambo yangaliishia hapo, historia isingalimkumbuka mama huyo. Ilikatwa rufaa, na Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua hukumu ile kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mdai naye akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliikataa rufaa yake: katika kuuza ardhi ya ukoo, mwanamke na mwanamume wana haki sawa. Ukoo ulibakiwa na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa.

Hapa pana funzo. Hukumu ya kwanza si lazima iwe ya mwisho. Lakini ngazi ya rufaa humfaa yule tu awezaye kuipanda. Anayeshindwa Mahakama ya Mwanzo hupewa siku 30 za kufika Mahakama ya Wilaya, nazo hupita upesi kwa mtu anayehangaika kutafuta nakala ya hukumu na mtu wa kumwandikia sababu zake.

Msaada ulichelewa kuwafikia watu wa namna hii. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianzisha kamati ya msaada wa kisheria mwaka 1967, lakini Dar es Salaam ni mbali na Muleba. Sheria ya mwaka 1969 ilihusu kesi za jinai peke yake. Mwenye shauri la shamba hakuguswa nayo. Ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliyojumuisha madai pia, ikawatambua na wasaidizi wa kisheria walioko vijijini. Hao si mawakili, wala hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu; kazi yao ni kumwelekeza mnyonge na kumfikisha kwa anayeweza kumtetea bila malipo.

Basi vijana wetu wajifunze mila, na wajifunze pia njia ya mahakamani. Mila hurekebishwa pale mnyonge anapopata wa kumsemea, tena kabla siku zake 30 hazijakwisha.