Maboma ya juu ya vilima, kutoka Katwe mpaka Bigo

Katika vitabu vya historia ya Kanisa ambavyo waseminari wetu wanasoma, kuna picha inayorudi kila mara: kilima kirefu, ngome ya mawe juu yake, na chini ya kilima mashamba ya mizabibu yaliyopangwa mistari mistari mpaka mtoni. Msomaji anafunga kitabu akiwaza ya kwamba Karne za Kati zilikuwa huko tu, na ya kwamba huku kwetu, wakati uleule, hapakuwa na kitu ila msitu na majani. Wazo hilo si kweli. Mtu anayeondoka Kyavinyonge, kwenye ukingo wa ziwa Edouard, akipita Kasindi na kuvuka mpaka wa Uganda, hahitaji siku nyingi ili aone vilima vyenye maboma. Mizabibu hataiona, ataona migomba, na divai ya inchi ile ni ya ndizi, ndugu ya kasikisi yetu. (Kwa Misa haifai: kanoni 924 inataka divai ya zabibu, na ndiyo sababu chupa ya sakristia inatoka mbali kuliko padri anayeitumia.)

Lakini tuanze huko Ulaya kidogo, maana ngome za huko zinatufundisha namna ya kuuliza. Mapadri wa Asumsio waliofika Beni mwaka 1929 ni wana wa Padri Emmanuel d'Alzon, aliyezaliwa Le Vigan, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1810, akakulia katika nyumba kubwa ya jamaa yake kule Lavagnac, inchi ya mizabibu toka zamani. Kutoka huko, kuelekea milima ya Pyrénées, kuna ngome zilizosimama juu ya miamba: Quéribus, Peyrepertuse, Montségur. Wageni wanazipanda kwa jasho, wakiambiwa ya kwamba ni ngome za Wakathari, wazushi ambao Papa Innocent III aliwatangazia vita ya msalaba mwaka 1208. Montségur ilizingirwa toka Mei 1243 mpaka Machi 1244, na ilipoanguka watu karibu 200 waliokataa kuacha uzushi wao walichomwa moto chini ya mlima. Mwanaseminari asiruke ukurasa ule. Lakini ajue tena jambo hili: kuta zinazoonekana leo juu ya Montségur si zile za waliochomwa, zilijengwa baada yao. Quéribus na Peyrepertuse vilevile, wafalme wa Ufaransa walizitengeneza upya ili zilinde mpaka kuelekea Aragon. Na mapatano ya mwaka 1659 yaliposukuma mpaka mbele, hazikuwa na kazi tena. Mgeni anaona ukuta mmoja na kusikia habari ya ukuta mwingine. Basi, kwa kila boma inafaa kuuliza: nani alijenga, wakati gani, alikuwa akilinda kitu gani, na nani alibeba mzigo.

Tuulize maneno hayo Katwe kwanza. Katwe ni mji mdogo kati ya maziwa mawili: ziwa letu kubwa la samaki, na ziwa dogo la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Hakuna haja ya kueleza Wanande thamani ya chumvi ile. Kabla ya magari na kabla ya mpaka, mitumbwi iliivusha ziwa, ikapandishwa milimani kichwani mwa watu, na vyakula vya milimani vikashuka. Nani aliyeshika Katwe alishika chungu cha kila nyumba, toka Bunande mpaka Ankole. Kabarega, Mukama wa Bunyoro, alijua hivyo, akaweka huko askari wake, walioitwa Abarusura, kukusanya kodi. Stanley alipita Juni 1889 akiwa na Emin Pasha, na askari wale wakakimbia. Alipokwisha kwenda, walirudi. Kisha mwaka 1891 akafika Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza. Akawafukuza, akajenga boma karibu na ziwa la chumvi, akaliita Fort George.

Hiyo ndiyo ngome iliyo karibu zaidi na Kyavinyonge, na wala si ya Karne za Kati. Kazi yake ilikuwa moja tu: chumvi. Anayekwenda kuitafuta asitazamie minara ya mawe. Atazame zaidi watu wanaofanya kazi ndani ya maji mekundu yale, miguu na mikono ikiliwa na chumvi, kila mmoja katika kisehemu chake kilichozungushwa udongo na miti. Wao walikuwa huko kabla ya Kabarega, na wao wamebaki baada ya Lugard.

Habari ya boma lile haikwisha Katwe. Lugard alimrudisha Kasagama kwenye ufalme wa Toro, kisha akaendelea mpaka Kavalli, juu ya ziwa Albert, inchi ambayo leo ni Ituri yetu. Huko aliwakuta askari wa Kisudani ambao Emin Pasha aliwaacha, chini ya mkubwa wao Selim Bey. Akawachukua pamoja na wake zao, watoto na watumishi, jumla zaidi ya watu elfu nane, na katika hao wenye bunduki walikuwa mamia machache tu. Aliwapanga katika mlolongo wa maboma kusini mwa Bunyoro, akayapa majina ya Kiingereza ambayo wenyeji hawakuweza hata kuyatamka: Wavertree, Lorne, De Winton. Sababu aliyoitoa ilikuwa nzuri: kumzuia Kabarega asiwarudie Watoro. Lakini watu elfu nane wanakula kila siku, na kampuni haikuwa na mshahara wala posho ya kuwapelekea. Wakala migomba, mbuzi na ng'ombe wa wale waliowekwa kuwalinda, wakachukua na watu pia. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza mambo ya Uganda, aliamuru waondolewe. Na walipoondoka tu, majeshi ya Kabarega yakaingia Toro, Kasagama akakimbilia milima ya Rwenzori. Mwenyeji wa kilima kile alichagua nini? Boma likiwapo, analiwa na walinzi; boma likiondoka, analiwa na adui. Tunaiandika habari hii bila haraka kwa sababu katika inchi yetu ya Beni na Butembo hakuna mkristu asiyeielewa.

Mji wa Fort Portal wenyewe umechukua jina la bwana yule. Kwenye kilima cha Virika, Mapadri Weupe walianzisha misioni miaka michache baadaye, wakaiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Theluji, sababu mbele yake, asubuhi mawingu yakifunguka, theluji ya Rwenzori inaonekana. Anayetoka Kyavinyonge anaujua mlima ule kwa mgongo tu, na huko anauona uso.

Sasa Karne za Kati zenyewe. Kutoka Fort Portal tunaelekea mashariki mpaka Mubende, kisha kusini, na migomba inapungua. Inchi inakuwa majani na ng'ombe, na watu wanakunywa maziwa kuliko pombe. Kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga ndiko Bigo bya Mugenyi. Mtu aliyezoea picha za ngome atavunjika moyo: hakuna ukuta, hakuna mnara, kuna kilima cha chini na majani marefu. Anatembea, na ghafula ardhi inafunguka mbele ya miguu yake. Ni handaki, yaani mfereji mkubwa uliochimbwa kwa mikono, mahali pengine ukikata hata mwamba, ukipita urefu wa watu wawili kwenda chini. Anashuka, anapanda, anatembea tena, anakuta lingine. Mahandaki hayo yakiunganishwa pamoja yanapita kilomita 10. Katikati, juu ya kilima, kuna zungusho la ndani lenye vichuguu vya udongo, mahali panapofikiriwa kuwa pa mfalme.

Wataalamu wa mambo ya kale, Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, walichimba huko. Kwa kupima makaa na vitu vilivyopatikana, walionyesha ya kwamba watu walikaa Bigo kati ya mwaka 1350 na 1500 hivi. Maana yake, wakati wafalme wa Ufaransa wakiimarisha Quéribus, watu wa Katonga walikuwa wakikata mwamba wao. Je, yalikuwa ya vita? Tufanye hesabu ya mwalimu: ukiweka mtu mwenye mkuki kila baada ya mita 5 katika kilomita 10, unahitaji watu 2000, tena mchana na usiku. Ni wengi mno. Kwa hiyo wengi wanafikiri ya kwamba handaki la nje lilikuwa la kuzuia ng'ombe wasitoke na wezi wasiingie, na la kuonyesha ukubwa wa mwenye nalo. Sisi tunaona sababu hii ya mwisho haipaswi kudharauliwa. Maaskofu wa Ulaya walijenga minara ya makanisa mirefu kuliko sauti ya kengele ilivyohitaji.

Wazee wa Bunyoro wanasema ya kwamba Bigo ni kazi ya Bachwezi, wafalme wa ajabu, Ndahura na Wamara na jamaa yao, waliotawala muda mfupi kisha wakatoweka. Mugenyi alikuwa mmoja wao. Na jina Mugenyi maana yake ni mgeni. Hapa ndipo historia inaacha kuwa mchezo wa wenye nafasi.

Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika ya kwamba wafugaji wakubwa wa maziwa haya walitoka Ethiopia, na ya kwamba wao ndio walioleta ufalme kwa watu wa jembe wasioujua. Hakuwa na ushahidi ila sura za watu. Wazo lile lilipendwa. Maofisa walilirudia, mapadri walilirudia, na wa Kanisa letu pia; likaingia mashuleni likiwa na jina la Wahamiti. Mahandaki ya Bigo yalipojulikana, yalionekana kuwa shahidi wa kutosha: kazi kubwa hivi, bila shaka ni ya mgeni, hata jina linasema! Watoto walifundishwa darasani nani ni mwenye inchi na nani ni mgeni, nani alizaliwa kutawala na nani kulima. Mwezi wa Novemba 1992, katika Rwanda, mwanasiasa mmoja alisema mbele ya mkutano ya kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto ule ulichukua maiti.

Basi si neno dogo kuuliza nani alichimba Bigo. Na udongo umejibu kwa sehemu. Vyungu vilivyovunjika ndani ya zungusho si vya ajabu. Vimepambwa kwa kuviringisha kamba au majani yaliyosukwa, kama vile vya vijiji vingine vya inchi ile wakati ule. Karibu na hapo, Ntusi, kuna malundo makubwa ya takataka yaliyojaa mifupa ya ng'ombe, na yanaonyesha ya kwamba mji ulikuwapo huko toka karne ya 11, ukikua polepole, watu wakifuga na kulima pamoja. Hakuna siku moja ambapo mgeni alitokea na ufalme mfukoni. Waliochimba Bigo walikuwa watu wa Katonga, waliokuwa na chakula cha kutosha ili wengine waache jembe la shamba na kushika jembe la handaki, na waliokuwa na mkubwa wa kuwaamuru. Kama walitii kwa mapenzi au kwa fimbo, vyungu havisemi.

Kwa katekista kuna jambo moja zaidi. Huko Bigo na kwenye kilima cha Mubende, penye mti mkubwa wa Nakayima, watu wanakuja mpaka leo kuomba Bachwezi na kuacha sadaka. Tumesikia mafundisho yaliyojibu ya kwamba mashimo yale ni kazi ya shetani. Jibu lile linampa shetani sifa asiyostahili, na kuwanyang'anya mababu kazi yao. Tena halimwondoi mtu kwenye mti, linamtisha zaidi. Afadhali katekista ashuke naye ndani ya handaki, amwonyeshe mwamba uliokatwa na binadamu. Neno lenyewe litamsaidia: katika lugha za huko bigo ni wingi wa kigo, zungusho, boma, na wakatoliki wa Buganda wanaiita paroki yao ekigo.

Tukirudi kaskazini ya Mubende, upande wa Kakumiro, migomba na mahindi yanaanza tena, na katikati ya mashamba kuna kilima cha mawe kiitwacho Bikekete. Hapo ni Munsa. Peter Robertshaw alichimba huko katika miaka ya 1990, akakuta mahandaki ya wakati karibu na ule wa Bigo, makaburi, shanga za kioo zilizotoka mbali upande wa bahari, mahali pa kuyeyushia chuma, na mashimo ambayo yaonekana yalikuwa ya kuwekea nafaka. Wenye Munsa walikuwa na jembe na tanuru, si ng'ombe tu. Kutoka juu ya Bikekete macho hayaoni handaki lote. Wenyeji wamelima mpaka ukingoni, na sehemu nyingi zimekwisha kujaa udongo. Aliyetuongoza alituonyesha njia yake kwa rangi ya mahindi, ambayo juu ya handaki yalikuwa marefu na ya kijani kuliko mengine.